Rozimari Mbeya: tuache kuisingizia baridi

Kila ikifika Juni, upepo wa kipupwe ukianza kuvuma hapa Mbeya, nasikia kilio kile kile: "Rozimari yangu imeuawa na baridi." Siamini. Huu ni mmea wa kiungo wenye majani ya kunukia, wa vilima vya mawe vinavyozunguka bahari ya Mediterania, na baridi ya mjini kwetu unaiweza vizuri tu. Kinachoumaliza ni masika, ile miezi ya Novemba hadi Aprili ambapo mizizi inashinda kwenye maji, inakosa hewa na kuoza. Kule kwao pia mvua hunyesha, tena wakati wa baridi, lakini maji hupita kati ya mawe yakaenda zake.

Mimi nimepoteza miche mitatu kabla ya kuelewa. Niliipanda kwenye ndoo za rangi, udongo mweusi wa bustanini umechanganywa na samadi nyingi, kama mtu anayepanda mchicha. Februari majani ya chini yakaanza kuwa ya kahawia na ncha zikalegea. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Nilipoung'oa mmoja, mizizi ilikuwa myeusi, laini, inanuka. Hapo ndipo penye mtego: mmea uliooza mizizi hauwezi kunywa, kwa hiyo unanyauka sawasawa na ule wenye kiu. Siku hizi kabla ya kumwagilia nachomeka kidole kwenye udongo. Kukiwa na unyevu, naacha.

Sasa natumia vyungu vya udongo, maana vinapumua. Vile vya Wakisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, navipenda sana, ila vimefinyangwa kwa ajili ya kupikia na havina tundu chini. Lazima ukitoboe taratibu kisipasuke. Nusu ya mchanganyiko ni udongo, nusu ni mchanga wa mtoni ulio mkavu na vile vijiwe vyepesi vya volkano vinavyoelea ukivitupa majini. Samadi kiganja kimoja, basi. Na wale wanaojaza kokoto chini ya chungu wanajisumbua, kwa sababu maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto. Yanatuama juu yake, pale pale penye mizizi.

Masika chungu changu hukaa chini ya upenu wa mashariki, kipate jua la asubuhi bila kunyeshewa. Iringa mjini, ambako mvua si nyingi, ningethubutu kuipanda ardhini. Tukuyu, hapana, labda juu ya tuta refu la mchanga.

Mei mvua zikikatika nakata ncha changa za sentimita 10 hivi, natoa majani ya chini, nazichomeka kwenye mchanga wenye unyevu kidogo kivulini. Wiki sita hadi nane zinakuwa na mizizi. Mche wa kwanza mwaka huu ni wa jirani yangu aliyepoteza wake, na nimemwomba jambo moja tu: asiuwekee kisahani chini.