Amri ya Papa inatiiwa lini? Kati ya wabishi wa dini na wacheza magemu

Aliyecheza Medieval II: Total War, gemu la kompyuta la vita vya Ulaya ya kale, anaujua ujumbe ule. Umebakiza kidogo kuuteka mji wa jirani yako Mkatoliki, mara Papa anakuagiza usimamishe vita kwa zamu kadhaa, la sivyo utatengwa na Kanisa. Wapo wanaotii. Wengine wanaendelea na mapigano, kisha wanamtuma muuaji wa siri Roma, wanasubiri makardinali wachague Papa mwingine, ikiwezekana mtu wa kwao, na mchezo unasonga mbele.

Mkatoliki akitazama pembeni anaweza kuona kufuru tupu. Lakini ndani ya kufuru hiyo kuna hoja ya historia ambayo wabishi wa dini, wanaoutetea Upapa na wanaoupinga, huikwepa: amri ya Papa iliuma pale tu ambapo walikuwapo watu wenye sababu zao za kuitii. Kwenye midahalo swali huwa la ndiyo au hapana. Mmoja anafungua Mathayo 16:18, “Wewe ndiwe Petro, na juu ya mwamba huu nitalijenga kanisa langu,” anafunga Biblia. Mwenzake anajibu kwamba mwamba ni imani ya Petro, si Petro. Wa tatu anakumbusha kwamba sura mbili mbele, mamlaka ya kufunga na kufungua wanapewa wanafunzi wote. Na pembeni hakosekani mtu anayejumlisha herufi za Kilatini mpaka zifike 666. Hakuna anayeuliza nani alitii, lini, na kwa nini.

Canossa, ngome ya kaskazini mwa Italia, ndiyo mahali pazuri pa kuuliza. Mwaka 1075, katika daftari la barua za Papa Gregori VII, ziliingizwa kauli 27 fupifupi, mojawapo ikisema Papa anaweza kuwavua madaraka makaisari. Ugomvi wenyewe ulihusu nani anawasimika maaskofu, nao haukuwa wa ibada peke yake. Maaskofu wa Ujerumani walishika ardhi, ngome na askari, na mfalme asiyeweza kuwachagua alikuwa mfalme nusu. Januari 1076 Henry IV, mfalme wa Ujerumani, na maaskofu wake wakatangaza kwamba Gregori hafai kukaa kwenye kiti kile. Mwezi uliofuata Gregori akamtenga na Kanisa na kuwafungua raia wake kiapo cha utii. Wakuu wa Ujerumani, ambao wengi walikuwa na visa vyao na Henry tangu vita vyake na watu wa jimbo la Saxony, wakaipokea habari hiyo kama mvua ya kwanza: ajipatanishe na Papa ndani ya mwaka, la sivyo kiti kiko wazi. Januari 1077 Henry akavuka milima ya Alps katikati ya baridi kali, akasimama siku 3 nje ya ngome ya Canossa kama mtubu. Gregori akamsamehe.

Hapo ndipo wabishi wengi wanapoishia. Mtetezi anaona mfalme aliyenyenyekezwa mbele ya mrithi wa Petro, mpinzani anaona kiburi cha Roma. Endelea kusoma. Wakuu walimchagua mfalme mwingine, Rudolf, Machi mwaka huohuo, msamaha ukiwa bado mbichi. Mwaka 1080 Gregori akamtenga Henry mara ya pili, na safari hii adhabu ikapita juu yake kama maji juu ya jani la mgomba. Rudolf alikufa vitani mwaka huohuo. Henry akasimamisha Papa wake, Clement III, akaiteka Roma, akavikwa naye taji la kaisari mwaka 1084. Gregori alifia Salerno mwaka uliofuata, mbali na kiti chake. Adhabu ileile kwa mtu yuleyule. Kilichobadilika ni hesabu za waliomzunguka.

Hesabu hizo gemu la Crusader Kings II la mwaka 2012 lilizipatia vizuri kuliko mdahalo wowote niliowahi kuufuata. Mfalme anaamua kama maaskofu wake watawekwa na Roma au na yeye mwenyewe, na akichoshwa anaweza kumsimamisha Papa mpinzani na kumpigania. Crusader Kings III lilipotoka mwaka 2020 halikuwa na Papa mpinzani. Papa wake ni kama meneja wa benki: unakusanya uchaji (alama za ucha Mungu), unaenda kuomba dhahabu, unapewa. Wachezaji wanaichekea hali hiyo, nami nacheka nao, ila naona hapo gemu lilirudi nyuma.

Sasa upande wa pili, kwa kuwa magemu nayo yana upofu wake. Yanajua nguvu, hayajui imani. Mwaka 1095 Papa Urbano II alihubiri Vita vya Msalaba mjini Clermont na kupanga msafara uondoke Agosti 1096. Maelfu ya watu wa kawaida hawakuusubiri mwezi huo. Waliondoka mapema nyuma ya mhubiri aitwaye Petro Mtawa, bila mfalme wala jeshi la maana, na wengi wao waliangamia Anatolia, Uturuki ya leo. Makundi mengine yakawaua Wayahudi katika miji ya bonde la Rhine, jambo ambalo Papa hakuliagiza. Kwenye skrini vita vya msalaba ni kitufe. Katika historia Papa aliwasha kitu kilichomzidi, na kilimzidi kwa sababu watu waliamini kwamba roho zao zilikuwa hatarini. Ukiiondoa imani hiyo, kutengwa na Kanisa hakumtishi mtu, na kisa chote cha Henry hakielezeki.

Upofu wa pili ni wa wakati. Katika Crusader Kings III unaweza kuanza mwaka 867, na tayari ramani inaonyesha Wakatoliki na Waorthodoksi kama imani mbili. Kumbe mwaka huo Papa Nikolasi I na Patriarki (askofu mkuu) Photius wa Constantinople walikuwa wakigombana ndani ya Kanisa moja, kila mmoja akidai mwenzake amevuka mpaka. Mgawanyiko tunaouhesabu tangu 1054 umerudishwa nyuma karibu miaka 200, kwa kuwa kompyuta inataka rangi moja kwa kila jimbo. Wabishi hufanya vivyo hivyo bila kompyuta. Mtaguso wa Kalsedonia wa 451, mkutano mkuu wa maaskofu, ni wa kwanza kudonolewa. Barua ya Papa Leo I iliposomwa, maaskofu walipaza sauti kwamba Petro amenena kwa kinywa cha Leo, na Wakatoliki hunukuu hapo. Lakini baadhi ya maaskofu hao waliomba muda wa kuilinganisha barua na mafundisho ya Sirili, aliyekuwa Patriarki wa Aleksandria, kabla ya kuikubali. Na mtaguso huohuo, katika kanuni ya 28, ukasema Roma ilipewa heshima kwa kuwa ulikuwa mji wa kifalme, hivyo Constantinople, Roma mpya, nayo istahili heshima sawa. Waorthodoksi hunukuu hapo. Leo aliikataa kanuni hiyo. Maaskofu walewale, mji uleule, ndani ya wiki chache.

Kuhusu sisi wa pwani, gemu la Europa Universalis IV lina jambo la kustaajabisha. Unaweza kuicheza Kilwa kuanzia 1444, sultani Mwislamu mwenye biashara yake, na mambo ya Curia ya Roma (ofisi za utawala wa Papa), ambayo wafalme Wakatoliki wanagombea ushawishi ndani yake, hayakuhusu. Papa Nikolasi V aliona yanakuhusu. Kwa hati zake za 1452 na 1455 alimruhusu mfalme wa Ureno kuwashinda na kuwatia utumwani “Wasaraseni” na wapagani, akampa haki juu ya nchi za kusini mwa rasi ya Bojador, pwani ya Afrika Magharibi. Mwaka 1505 meli za Mreno Francisco de Almeida zikaishambulia Kilwa, kisha Mombasa. Sidai kwamba hati ndiyo iliyofyatua mizinga, maana Wareno walitaka dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, na wangekuja hata bila muhuri. Muhuri ulikuwa wa kuwazuia Wakristo wenzao wasiwaingilie. Vatikano ilitangaza Machi 2023 kwamba inaikana “nadharia ya ugunduzi”, ile ya kwamba Wakristo waliofika nchi za wengine walipata haki juu yake, iliyoegemezwa juu ya hati za namna hiyo.

Haki itendeke kwa Roma pia. Fundisho la Papa kutokosea la 18 Julai 1870 linasemwa kana kwamba kila neno la Papa ni wahyi. Masharti yake ni finyu: anene kama mchungaji wa Kanisa lote, kuhusu imani au maadili, akilenga kuamua moja kwa moja. Tangu hapo limetumika waziwazi mara moja, mwaka 1950, kuhusu kupalizwa kwa Bikira Maria mbinguni. Tena lilitangazwa wakati dola ya Papa inakata roho. Majeshi ya Italia yaliingia Roma tarehe 20 Septemba mwaka uleule.

Na wanaosema Kanisa lingetulia bila Papa waangalie Waorthodoksi, wasio naye. Patriarki wa Aleksandria alipolitambua Kanisa jipya la Ukraine, lisilo chini ya Moscow, mwaka 2019, Kanisa la Moscow likajibu mwishoni mwa 2021 kwa kuanzisha mamlaka yake barani Afrika, likiwapokea mapadri waliokuwa chini ya Aleksandria, wakiwemo wa Kenya na Uganda. Hakuna kiti ambacho pande zote mbili zinakubali kikate shauri hilo. Mwaka 2007, mjini Ravenna, Wakatoliki na Waorthodoksi walikubaliana kwamba katika milenia ya kwanza askofu wa Roma alikuwa wa kwanza kati ya mapatriarki, wasikubaliane huyo wa kwanza alikuwa na haki zipi. Ujumbe wa Moscow haukuwapo wakati wa kukubaliana. Ulikuwa umeondoka kwa ugomvi wake na Constantinople juu ya Kanisa la Estonia.