Jina Tumebaki Nalo, Chenji Wamebaki Nayo

Muuza mikate wa mtaa ninaoishi hapa Ujerumani hunirudishia senti moja bila kuombwa, na nimewahi kumwona akipasua kitita kipya cha sarafu kwa ajili ya senti hiyo hiyo. Kwa mtu aliyezoea soko la Mwanjelwa kule Mbeya, ambako mia yako hugeuka pipi au kiberiti, hilo si jambo dogo.

Kinachonikera ni kwamba "hela" ni neno la Wajerumani, heller. Heller ilikuwa sarafu ndogo kabisa ya Zama za Kati, iliyopewa jina la mji wa Hall, ambao sasa unaitwa Schwäbisch Hall. Mwaka 1904 serikali yao ya kikoloni kwetu ikaondoa hesabu ya pesa 64 kwa rupia moja na kuweka heller 100, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoziba njia za meli, sarafu za heller 20 zikagongwa Tabora mwaka 1916. Leo Mjerumani hana heller mfukoni. Amebakiwa na msemo tu, kwamba deni hulipwa "auf Heller und Pfennig", yaani lote, hata chembe isibaki. Sisi tumeikuza ikawa jina la fedha yote, ya noti na ya simu, kama vile ng'ambo ya Tunduma, kule Zambia, Wabemba walivyoifanya dirhamu ya Waarabu, ambayo nayo ni drakma ya Wagiriki, kuwa indalama. Hapo najivuna: wenye neno wamelizika, nasi tunalitumia kila siku.

Najua kuna atakayesema kwamba nimeonja Ulaya na sasa nawafundisha watu chenji. Ndugu yangu, simsifu mkoloni, ambaye aliwafanya wazee wetu waitafute heller hiyo hiyo ili walipe kodi ya nyumba. Wala sisemi kwamba muuza mikate wangu ni mwaminifu kuliko mama anayeuza nyanya Uyole, kwa sababu huyu wa hapa ana benki ya kumpa vitita vya sarafu, ilhali mama yule hamsini ataitoa wapi? Mama nimemsamehe, na pipi yake nimekula. Ninayemdai ni kondakta wa daladala anayeniambia chenji nitaipata mbele, mpaka nashuka Kabwe hajanipa, huku muda wote anachezesha sarafu kiganjani ili abiria wajue kwamba anakusanya nauli.