Makongamano ya elimu ya sayansi: posho, au swali la tanini?

Mkoani Mtwara ukitaja kongamano la kimataifa la elimu ya sayansi na teknolojia, wengi watakujibu kwa neno moja: posho. Hawajalizua. Mwalimu wa Newala aliyekubaliwa kuwasilisha mada Ulaya ana ada, tiketi na bima za kulipa, na kabla hajajua kama viza atapewa, inambidi afunge safari ya Dar es Salaam kutoa alama za vidole, zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara mjini. Fedha hiyo ingenunua bureti kadhaa za maabara, ile mirija yenye vipimo ya kudondoshea kemikali.

Tena mada zenyewe si zetu kila mara. Utafiti wa ROSE, ulioongozwa na Svein Sjøberg na Camilla Schreiner wa Norwe, uliwauliza vijana wa miaka 15 hivi katika nchi nyingi wanaionaje sayansi ya shuleni. Kadiri nchi ilivyoendelea, ndivyo hamu ya vijana wake ilivyopungua. Basi kumbi za Ulaya zikahangaika na namna ya kuirudisha hamu. Huku kwetu hamu ipo; kinachokosekana ni iodini, kemikali ya maabara.

Hadi hapo wapinzani wako sahihi. Wanakosea wanapodhani kongamano ni hotuba. Hotuba ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote: slaidi nyingi, dakika chache, nusu ya ukumbi wanachezea simu. Kazi yenyewe iko kwenye ikisiri, yaani muhtasari wa mada, inapopitiwa na watu wasiokujua, na kwenye zile dakika tano za maswali.

Chukua jaribio la kupima vitamini C ya bibo, tunda la mkorosho, ambalo shule ya Tandahimba au Nachingwea inaweza kulifanya Oktoba, mabibo yanapooza chini ya mikorosho. Saga kidonge cha vitamini C chenye miligramu zinazojulikana, ukiyeyushe katika maji. Pima mililita 10, tia matone machache ya maji ya wanga, kisha dondosha iodini kutoka kwenye bureti hadi rangi ya buluu-nyeusi ibaki bila kufifia. Rudia kwa maji ya bibo yaliyochujwa kwa kitambaa, ulinganishe ujazo wa iodini: iliyotumika ikiwa nyingi, vitamini C nayo huhesabiwa kuwa nyingi. Wanga uwe umechemshwa na kupoa, maana ukiwa wa moto rangi haishiki. Maji ya bibo yakilala hadi kesho, vitamini imeshapungua.

Namba itapendeza. Bibo litalishinda chungwa kwa mbali, kama vitabu vinavyosema, na daftari litafungwa. Lakini bibo hukwaruza koo, na kinachokwaruza ni tanini. Nayo tanini hula iodini. Sehemu ya iodini iliyotumika haikukutana na vitamini C kabisa, kwa hiyo jibu limevimba. Kama maji yenyewe yalilala, kuna makosa mawili yanayovutana: moja linapandisha, jingine linashusha, na namba ya mwisho inaweza kulingana na ya kitabuni kwa bahati tu. Mkaguzi ataipigia tiki.

Mbrazili wa Ceará au Piauí ataishtukia mapema. Kwao ndiko mkorosho ulikotoka, na kwao hutengenezwa cajuína, maji ya bibo yaliyong'arishwa kwa jelatini: jelatini hushikana na tanini, vikaganda, vikachujwa. Akiuliza tu, "Tanini mliitoa?", jaribio zima linageuka. Sasa wanafunzi watapima maji ghafi, watapima na yaliyotiwa jelatini, kisha waeleze tofauti imetoka wapi. Semina ya mkoa ni vigumu kulizaa swali hilo, kwani sote tumezoea bibo lilelile na koo lilelile.

Mimi ningeidhinisha safari, kwa masharti. Maoni ya waliopitia ikisiri, na maswali yote yaliyoulizwa ukumbini, yaandikwe na kufikishwa vyuo vya ualimu vya Mtwara na Nachingwea kabla ya msimu wa mabibo. Na aende aliyeshika bureti, si mkuu wake. Mkuu akiulizwa habari ya tanini, atamshukuru muulizaji kwa swali zuri, kisha ataomba slaidi inayofuata.