Transfoma ya Maikrowevu Simpi Mtu

Juzi kijana wa karakana moja ya mbao hapa Langoni, Lamu, alinijia na maikrowevu begani, mlango umevunjika, sahani haipo. Kaitoa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. "Ami, nitolee transfoma yake." Ameona kwenye simu watu wakichora mbao kwa stima: moto unatambaa juu ya ubao kama mizizi ya mkoko. Michoro hiyo huitwa ya Lichtenberg, Mjerumani aliyeiona kwenye vumbi mwaka 1777.

Nikakataa. Akashangaa, maana anajua nina mtambo wangu wa cheche, niliouunda kwa flaibeki (ile transfoma ndogo ya volti kubwa) ya TV ya kisogo, transista na betri ya pikipiki ya volti 12. Akaniuliza swali la haki: "Yako ya volti elfu ishirini, hii elfu mbili. Ipi ya kuogopwa?"

Hapo ndipo wengi tunapopotea, hata mafundi. Volti ni kama kimo cha tangi la maji juu ya dari. Kinachokuzamisha ni wingi wa maji. Flaibeki yangu, kwa betri ile, hutoa miliampea chache tu, yaani sehemu za elfu za ampea, kipimo cha wingi wa stima. Transfoma ya maikrowevu inaweza kusukuma nusu ampea na zaidi, na moyo wa mtu huvurugika kwa sehemu ya kumi ya ampea, hata chini ya hapo. Tena ile swichi inayokata stima ikivuja haitaona kitu, kwa sababu koili ya pili, ile inayotoa volti kubwa, haikuungana na nyaya za nyumba. Fyuzi nayo itatulia: kwake yeye, mtu anayekauka pale ni mzigo kama pasi.

Marekani wamekufa watu kwa mchezo huu wa kuchora mbao kwa stima, wala si wanagenzi peke yao. Chama cha wachongaji wa huko, American Association of Woodturners, kimeupiga marufuku katika hafla zake.

Sisemi flaibeki ni ya kuchezea. Kioo cha TV hushika chaji hata kikishazimwa. Kimoja kilinirusha mkono ukagonga ukuta, na jiwe la matumbawe halina huruma. Halafu kuna chumvi yetu. Mara ya kwanza cheche haikuruka nilipotaka, ilitambaa juu ya ubao wenye unyevu wa bahari ikanikaribia vidole. Ikabidi nisafishe kwa spiriti, nitanue nafasi, nimimine nta kwenye viungo. Vitabu vya bara havikuambii hayo.

Na nina kinyongo kingine, labda ni uzee. Mlango wa Lamu unaonyesha mkono wa aliyeuchonga. Ukiwazoea mafundi unaweza kusema huu ni wa fulani. Mchoro wa radi hauna mwenyewe. Ubao wa tatu tayari unafanana na wa kwanza.

Basi tuliifungua pamoja, baada ya kuitoa chaji kapasita, kile kifaa kinachohifadhi stima. Alichukua feni na mota ya sahani, akaondoka amenuna kidogo. Koili ya pili niliikata kwa msumeno mbele yake. Kile chuma kizito kilichobaki nimekiweka chini ya mlango wangu, usipigwe na kusi.