Kadi ya Abiria Inajua Kila Glasi

Abiria wa meli ya kitalii akilewa mpaka akaporomoka ngazini, jibu la kwanza huwa hili: ni mtu mzima, nani alimshikia glasi? Nakubali kwamba mtu mzima hubeba lake. Hata sheria ya bahari ya Marekani humpunguzia fidia kwa kadiri ya uzembe wake. Ila lawama haiishii kwake, na sehemu kubwa iliyobaki ni ya kampuni ya meli.

Humo melini kila kinywaji hupitia kadi ya abiria. Mashine inaandika alichonunua, baa gani, saa ngapi. Mwenye baa ya nchi kavu anaweza kusema, na pengine ikawa kweli, kwamba mteja aliingia kwake akiwa ameshalewa. Kampuni ya meli itasingizia baa gani? Zote ni zake, na pombe ya kujiletea huzuiwa au huwekewa masharti makali. Juu ya hayo inauza vifurushi vya vinywaji vya kulipia kwa siku, na aliyelipa hujiona anapata hasara asipoagiza tena. Kampuni ya meli za kitalii ya Carnival imeweka kikomo cha vinywaji 15 vya kileo kwa saa 24 katika kifurushi chake. Kumbe kuhesabu kunawezekana. Lakini 15! Wengi wetu tungekuwa hoi muda mrefu kabla ya kufika hapo.

Mhudumu wa baa simlaumu. Yuko mbali na kwao kwa mkataba wa miezi, kipato chake kinategemea sana bakshishi, na kumnyima mteja kinywaji ni kujitafutia malalamiko. Mafunzo ya kumtambua mlevi yatamsaidia nini kama akikataa kuuza hana bosi wa kumtetea?

Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ya Florida ilifufua kesi ya abiria aliyedai kwamba alinyweshwa melini mpaka akalewa, akatoka ukumbini akipepesuka, akaanguka ngazi. Majaji waliipima kwa sheria ya bahari, inayomtaka mwenye meli awe mwangalifu kwa abiria wake kwa kadiri ya mazingira. Na mazingira ya mlevi baharini ni deki ndefu, ngazi, reli, na maji pande zote. Hakuna teksi ya kumrudisha nyumbani.

Kwa hiyo nataka ile mashine inayotoza pesa itumike pia kuzuia. Idadi ikipanda haraka, baa zote zipate taarifa, na mlinzi amsindikize abiria hadi chumbani, kisha arudi kumwangalia. Abiria akifa au akiumia, familia ipewe rekodi ya vinywaji na picha za kamera mara moja, bila kusubiri amri ya mahakama, kwa sababu masharti ya tiketi mara nyingi huwapa mwaka 1 tu wa kufungua kesi, tena katika mji uliochaguliwa na kampuni yenyewe.