Mahari ya Matundu Saba

Jamani, mimi nimeoa Denmark na sijuti. Ila hakuna aliyeniambia kwamba mahari ya huku hulipwa kwa awamu, kila Desemba, jikoni kwa mama mkwe.

Malipo yenyewe ni vitafunio vinavyoitwa æbleskiver. Mtu wa Tanga ukikiona chuma chake unacheka peke yako: si chuma cha vitumbua hiki? Cheusi, kizito, matundu saba, moja katikati na sita yamelizunguka. Hata iliki wanatia! Unajiona uko nyumbani.

Thubutu.

Kitumbua kina utu. Unaloweka mchele, unausaga, unatia tui na hamira, unauacha uumuke wenyewe wakati wewe unapiga soga. Kikishika chini unakigeuza mara moja, kinatoka na umbo alilokijaalia Mungu. Wadenmaki umbo hilo hawalitaki. Wanataka mpira. Mpira kamili, usio na upande wa kukalia.

Sasa huo mpira unavyopatikana! Kwanza mayai yanatalikiwa: kiini huku, ute kule. Kiini kinakwenda na unga wa ngano, mtindi na ganda la limau lililoparuzwa. Ute unapigwa mpaka ukilipindua bakuli haumwagiki. Mama mkwe huwa analipindua kweli, juu ya kichwa changu, ndiyo kipimo chake.

Halafu unamimina kwenye siagi ya moto. Chini kukianza kushika tu, unasogeza robo, rojo la juu lishuke lijenge ukuta. Unasogeza robo nyingine. Na nyingine. Matundu ni saba, kila moja na saa yake, nawe una mikono miwili. Jiko la umeme nalo lina upendeleo: la katikati linaungua, ya pembeni bado yanafikiria.

Na unageuzia nini? Sindano ya kufumia. Ile ile ya masweta! Nilidhani wananitania. Wapo wenye uma wa kazi hiyo, lakini mama mkwe anasema sindano ndiyo jadi. Kumkatalia siwezi. Mwenyewe anataka nimwite kwa jina lake, kama wafanyavyo huku. Mkwe, kwa jina! Namwita Mama, naye ananyoosha kidole: "Hiyo ya kushoto, geuza."

Ya kushoto naionaje? Desemba huku saa kumi jioni haijafika, jua limeshaaga. Mtu mwenye akili angewasha taa. Wao wanazima, wanawasha mishumaa, eti ndiyo raha. Raha ya anayekula, sawa. Mpishi nanusa tu: ikinukia, imeiva, ikinukia sana, nyamaza uinyunyizie sukari ya unga.

Wageni wakialikwa saa nane, saa nane kamili kengele inalia. Hakuna yule mgeni wa kwetu anayechelewa akakuokoa. Wanaketi, wanamiminiwa divai ya moto yenye viungo, zabibu kavu na lozi (mimi na watoto tuna juisi yetu), kisha kila mtu anawekewa ngapi? Tatu. Tatu na kijiko cha jemu! Kwetu tatu ni za kuonja chumvi. Nilipoomba sahani ya pili, shemeji alinitazama kama nimeomba hati ya nyumba.

Lakini kinachoniuma hasa si hicho. Siku moja nimetumwa dukani kununua mtindi, nafungua friji ya vyakula vya barafu, naikuta mifuko na mifuko ya æbleskiver zilizokwisha pikwa. Duara safi, zote sawasawa. Unazitia kwenye oveni, kwisha habari. Nikauliza pale kaunta nani anazinunua. Wanasema karibu kila mtu.

Kila mtu! Kwa hiyo nchi nzima inapasha moto, anayefuma unga ni mimi.

Nikalipeleka suala kwa mke wangu, kwa upole wa mume aliye ugenini. Akanisikiliza vizuri. Akasema mama yake anawasifu wakwe wachache sana, na mimi kanisifu mbele ya ukoo, hivyo Jumapili tunakwenda kwa shangazi yake.

"Za pakiti?" nikauliza.

"Za kupika. Tena chukua sindano yako, shangazi hafumi."