Kidude kinachotema manukato kila dakika 9

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu hapa Umoja, Nairobi, ana kidude cheupe juu ya friji. Umeketi, kikombe mkononi, unasikia "fsss" juu ya kichwa, na chai yako inakuwa na ladha ya lavenda. Yeye mwenyewe hashtuki tena. Wala haisikii hiyo harufu: wiki ya pili tu alikuwa ameshakipandisha kutoka kiwango cha chini hadi cha juu, akilalamika kwamba kopo la manukato alilouziwa ni hafifu. Kopo halikuwa na neno. Pua ndiyo iliyozoea.

Mashine kama yake hutumia betri mbili ndogo na ina mipangilio mitatu: kupuliza kila baada ya dakika 9, 18 au 36. Kwa 36 hupuliza mara 40 kwa siku. Kwa 9 ni mara 160, usiku na mchana, uwe umelala au umekwama kwenye foleni Jogoo Road. Zile siku 60 zinazoandikwa kwenye kopo ni za mpangilio wa chini kabisa; ukiuweka juu, kopo lilelile linaisha kwa siku 15.

Hata hivyo simcheki anayekinunua. Nyumba nyingi za kupanga Nairobi zina choo kisicho na dirisha la maana, katundu tu kanachotazama uwazi wa katikati ya jengo, ambako vyoo vya majirani wote vinapumulia. Maji nayo ni ya mgao. Siku ambayo mfereji umekauka, ndoo imebaki robo na mgeni anabisha hodi, utamwambiaje? Na huu ushauri wa "fungua dirisha" ni wa mtu anayeishi Karen, mtaa wa matajiri. Aliye jirani na jaa la Dandora akifungua dirisha anaukaribisha moshi wa takataka, na wa kando ya barabara ya Outer Ring anaukaribisha wa matatu.

Ila harufu nyingi zina chanzo, na manukato hayakigusi. Ule uvundo wa mtaro unaopanda bafuni, kwa mfano, mara nyingi hupitia tundu la sakafuni. Chini yake bomba limepinda, na maji yanayobaki kwenye mpindo ndiyo kizibo cha hewa ya mtaro. Bafu lisipotumika siku kadhaa, mpindo hukauka. Kikombe kimoja cha maji, hata yale uliyooshea sukuma wiki, hufanya kazi ambayo kopo zima haliwezi.

Kuhusu afya, yapo mengi ya kutisha yanayosambazwa WhatsApp, na mengi yamepigwa chumvi. La kweli ni kwamba limonini, ile inayotoa harufu ya machungwa, hukutana na ozoni hewani na kutengeneza fomaldehaidi, ambayo ni kisababishi cha saratani. Kiasi kinachotokea sebuleni kwa kawaida ni kidogo, na sioni sababu ya mtu mwenye afya kuhama nyumba. Mwenye pumu ni habari nyingine; huyo manukato yenyewe yanaweza kumbana kifua. Nao wanaosema turudi kwenye udi na ubani wa Eastleigh wasijidanganye: moshi ni moshi, na makaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni. Chetezo kinamzidi kidude kwa jambo moja tu. Kinawashwa na mtu, kikizimika kimezimika.

Kinachonisumbua hasa ni mtungi. Gesi ya kupikia haina harufu yake yenyewe. Ule uvundo wa kabeji iliyooza ni wa merkaptani, inayoongezwa makusudi ili gesi ikivuja ujue. Kwenye bedsita, jiko, kitanda na kidude vyote vimo ndani ya kuta nne zilezile, na pua iliyoshibishwa lavenda mara 160 kwa siku inaweza kuchelewa kuunasa huo uvundo. Tena kinachoyasukuma manukato kutoka kwenye makopo mengi ni butani na propani, yaani gesi zilezile za mtungini. Ndiyo maana kopo limechorwa mwali wa moto. Friji ya jirani yangu iko hatua mbili kutoka kwenye jiko.

Nilipomweleza, alinitazama kama niliyemtukana. "Sasa Baba Neema, unataka nyumba yangu inuke?" Mwishowe tulielewana. Kidude kikahamia chooni, kikashushwa hadi 36, na anakizima akienda kazini. Jikoni hakuna kitu.

Jana nilipita kuchukua sufuria yangu. Akafungua mlango, akasimama, akanusa hewa, kisha akaniuliza kama nami nasikia omena. Niliisikia. Ilikuwa ya nyumba ya pili.